Kwa nini wakimbiaji wetu wanapigwa mafua kila mbio kubwa ikikaribia? Watu wa Arusha na Moshi njooni huku

#1 ChaliiWaSakina
Wakuu, heshima mbele. Niende moja kwa moja kwenye mada.

Nina mdogo wangu ni mkimbiaji, nusu marathoni na kilomita 10, yuko kwenye ile ngazi ya kuitwa kambi ya taifa wakihitajika watu. Amepanga nyumba na wenzake wanne huko juu Ngaramtoni. Havuti sigara, hanywi, saa tatu usiku kashalala kama kuku. Akiamka mapigo yake ya moyo ni 44 kwa dakika. Ukimtazama unasema huyu ugonjwa utampitia mbali.

Sasa nimekuwa naandika kwenye daftari. Ndani ya miezi 14 kashikwa na mafua mara tano, na mara nne kati ya hizo ni wiki ya kuelekea mbio au wiki ya baada ya mbio. Jana kanipigia simu, sauti kama chura kwenye debe. Mbio za Moshi zimebaki siku 19. Mimi mwenzenu nina kitambi, Ijumaa niko kitimoto, na sijapiga chafya tangu mwaka jana.

Dai langu ni kwamba mazoezi makali yanaua kinga ya mwili. Anayebisha alete hoja, si kejeli.

#2 MangiMstaafu
Jibu umeshaliandika mwenyewe. Kitimoto ndiyo chanjo. Nimekaa hapa na mchemsho wangu nasubiri wataalamu.

#3 TabibuWaKata
Mleta mada, dai lako lina wenyewe. Mwaka 1982 Cape Town walifuatilia wakimbiaji wa zile mbio za kilomita 56. Wiki mbili baada ya mbio, asilimia 33 walikuwa na dalili za mafua na koo, wakati wenzao wasiokimbia walikuwa kama asilimia 15. Halafu marathoni ya Los Angeles ya 1987, waliuliza watu zaidi ya 2,300. Waliokimbia walioumwa wiki iliyofuata ni asilimia 12.9. Waliojiandikisha wakaacha kukimbia kwa sababu zisizo za ugonjwa ni asilimia 2.2 tu.

Ndipo ikaja picha ya herufi J. Asiyefanya kitu ana hatari ya kawaida, anayefanya kiasi hatari inashuka, anayejitesa inapanda juu kuliko wote. Wakaongeza na nadharia ya dirisha: baada ya zoezi zito kinga inalegea kuanzia saa chache hadi siku tatu hivi, kirusi kinapita hapo. Mate nayo yalipimwa, ile kinga ya kwenye mate inayoitwa IgA ilionekana kushuka kwa wanaojifua sana.

Wahusika wakuu ni rinovirusi, ndiyo mafua ya kila siku, kisha influenza, korona na ndugu zao. Baridi peke yake haizai kirusi.

#4 BibiWaRau
Wanangu hamjambo. Mimi nimelea watoto sita, mmoja alikuwa akikimbia mashindano ya shule mpaka mkoa. Mtu anakimbia anatoka jasho, anasimama kwenye upepo wa mlima na fulana mbichi mgongoni, anapiga stori nusu saa. Halafu mnakuja na herufi J. Mvue fulana, mfute mgongo, mpe mtori wa moto. Kwangu yalikuwa yanaishia hapo.

#5 KifodiYaMrombo
Shikamoo bibi. Sikubishii, ila naongeza la kwangu. Miezi ya sita na ya saba Arusha ukipanda kifodi asubuhi madirisha yote yamefungwa, abiria wamebanana mpaka konda ananing'inia, na mtu mmoja nyuma anakohoa kuanzia Mrombo mpaka stendi. Ukifungua dirisha kidogo mzee anakuuliza unataka kumuua. Baridi haizai kirusi, sawa daktari, lakini inatufungia chumba kimoja na mwenye kirusi.

#6 MpimaMaji
TabibuWaKata umeleta takwimu vizuri ila umeacha nusu ya habari. Uchunguzi wa Cape Town na Los Angeles watu waliulizwa tu: uliumwa, hukuumwa? Hakuna aliyeingizwa kijiti puani. Koo kuwasha baada ya kuvuta hewa kavu kwa mdomo kwa muda wa saa nne si lazima iwe virusi. Mwaka 2007 kuna uchunguzi uliochukua sampuli kweli kwa wanamichezo wenye dalili, na karibu theluthi moja tu ndio walikutwa na kimelea. Wengine wote wanakohoa, wana makamasi, na maabara haioni kitu.

Hiyo nadharia ya dirisha nayo ilipingwa vikali mwaka 2018. Hoja ya waliopinga ni kwamba askari wa kinga wanapopungua kwenye damu baada ya zoezi hawajafa, wamehamia kwenye tishu kama mapafu na utumbo kufanya doria. Ukihesabu polisi kituoni wakati wako mtaani utasema polisi wamekwisha.

Na wewe ChaliiWaSakina, katika hiyo miezi 14 dogo kakimbia mbio ngapi?

#7 ChaliiWaSakina
Ngoja nihesabu... 13, ukiweka na zile za barabarani za Jumapili za kutafuta hela ya kula.

#8 MpimaMaji
Haya. Mbio 13, kila moja ina wiki moja kabla na wiki moja baada, jumla wiki 26. Miezi 14 ni kama wiki 60. Yaani karibu nusu ya maisha yake dogo yuko "wiki ya mbio". Mafua matano yakidondoka ovyo tu kama embe, mawili yangeangukia humo bila mchawi. Wewe umepata manne. Yamezidi kidogo, ila si ajabu ya kufungulia uzi.

#9 MangiMstaafu
Huyu mtu harusini anahesabu mchango huku bibi harusi anaingia.

#10 VumbiLaKisongo
Nimekimbia miaka tisa, nimeacha kwa goti, si kwa mafua. Lakini kikohozi nakijua.

Mazoezi yetu ya spidi tulikuwa tunafanyia barabara ya vumbi upande wa Kisongo. Kuanzia Januari mpaka mvua zianze lile vumbi linakuwa jepesi kama unga wa sembe, gari moja la watalii likipita unakimbia ndani ya ukungu mwekundu dakika mbili nzima. Nikirudi nyumbani nikipenga, kitambaa kinakuwa na rangi ya matofali. Usiku kifua kinabana, napiga miluzi kama birika. Nikawa najiita mgonjwa wa mafua. Nilikunywa antibayotiki mara nne mwaka mmoja.

Mwaka wa tano ndipo daktari mmoja aliponikimbiza kwenye ngazi za jengo lake, akanipulizisha kabla na baada. Hakuna kirusi. Njia za hewa zilikuwa zinajikaza kwa zoezi. Alinieleza hivi: mtu aliyekaa anavuta lita sita mpaka nane za hewa kwa dakika, mkimbiaji wa ngazi ya juu akiwa kwenye kasi anapita lita 100, na yote inapita mdomoni. Pua ndiyo inayopasha hewa joto, kuilowesha na kuichuja. Ukiiruka pua, vumbi na ukavu vinashuka moja kwa moja chini.

Nikapewa pampu ya salbutamoli. Angalizo kwa wanaoshindana: hiyo ina kikomo kwenye sheria za dawa michezoni, maikrogramu 1,600 kwa saa 24, na zisizidi 600 ndani ya saa nane zozote. Usiazimane pampu kama chaja.

Kwa hiyo mleta mada, kabla ya kulaumu kinga, muulize dogo kama ana homa, mwili unamuuma, au ni kifua na pua tu.

#11 ChaliiWaSakina
Mkuu shukrani. Ila mara mbili kati ya hizo tano ilikuwa masika, matope mpaka magotini, hakuna vumbi hata la dawa. Na safari moja alikuwa na homa ya 38 na nusu, tukapima malaria, hakuna. Nyumba nzima ilifuata, mmoja baada ya mwingine ndani ya siku sita.

#12 KochaMchovu
Sasa hapo kwenye "nyumba nzima ilifuata" ndipo penyewe.

Nimelea vijana wengi, si wa ngazi ya dunia wote ila baadhi wamevaa bendera. Niwaonyeshe kinavyokuwa. Saa kumi na mbili asubuhi wanarudi kwenye kilomita 25. Kuna jagi moja la uji wa ulezi na kikombe kimoja cha bati kilichobonyea mdomoni. Wa kwanza anakunywa, anafuta kikombe na kiganja chake, kiganja kilekile alichopengea njiani, anampa wa pili. Taulo moja kwenye msumari. Chumba cha mita tatu kwa tatu, magodoro matatu, dirisha limezibwa na gunia kwa sababu ya baridi. Hapo unatafuta nadharia ya mate Marekani ya nini?

Niliwahi kununua vikombe sita vya rangi tofauti. Wiki ya pili vyote vilikuwa vinanywewa na wote, kimoja kimekuwa cha kuchotea mafuta ya taa.

Na mikono. Mwaka 2012 kabla ya Olimpiki ya London, daktari wa timu ya Uingereza aliwashauri wanamichezo wao wapunguze kupeana mikono na watu, wasije wakaokota ugonjwa. Magazeti yao wenyewe yaliwacheka. Mimi nikawaambia vijana wangu.

#13 KifodiYaMrombo
Kocha, Arusha hii umwambie kijana asimpe mzee mkono? Anarudi na kirusi au anarudi na laana, chagua.

#14 BibiWaRau
Asiponipa mkono nampa mimi wa shavu.

#15 UjamaaBadoUpo
Tatizo la mafua ni la kihistoria jamani. Filbert Bayi mwenye rekodi ya dunia ya mita 1,500 alikosa medali ya Olimpiki 1976 sababu ya kuumwa. Nchi haijawahi kujifunza kulinda afya za wakimbiaji wake.

#16 MpimaMaji
Mkuu hapana. Montreal 1976 nchi nyingi za Afrika zilisusia, Tanzania ikiwemo, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika ya Kusini ya makaburu. Hata angekuwa mzima kama chuma asingekimbia. Rekodi yake ni kweli, 3:32.16, Christchurch, 1974. Na medali ya Olimpiki anayo, fedha ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji, Moscow 1980.

#17 UjamaaBadoUpo
Nimekubali. Christchurch nilikuwa nimeshazaliwa lakini.

#18 DogoWaNgarenaro
Oya mnazunguka sana. Simbu, mkimbiaji wetu wa marathoni, anajifua Arusha hiihii, vumbi hilihili, baridi hiihii. Septemba 2025 kachukua dhahabu ya dunia Tokyo, 2:09:48, yeye na yule Mjerumani Petros muda uleule mpaka picha ya mwisho ikatoa hukumu. Mafua yake yako wapi? Wengine ni wadhaifu tu.

#19 MpimaMaji
Dogo, unamwona Simbu kwa sababu yuko jukwaani. Waliobaki nyumbani na limau na asali huwaoni kwenye runinga.

Ila umegusa kitu kizuri bila kujua. Kuna watafiti waliosema herufi J haitoshi, kwa wale wa juu kabisa mstari unainama tena kushuka, unakuwa kama S. Norway waliwafuatilia wanamichezo wao wa kuteleza kwenye theluji wakakuta waliowahi kupata medali kubwa walikuwa na siku chache za kuumwa kwa mwaka kuliko wenzao wasio na medali. Sasa ni mwili imara ndio unaoleta medali, au asiyeumwa ndiye anayefanya mazoezi bila kukatiza akafika kwenye medali? Yai na kuku.

#20 BintiPasua
Nasoma kimyakimya tangu jana, nimeona wanaume mnazungumza uji bila kusema ulikuwa kiasi gani.

Mimi nilikimbia mpaka 2019. Kila tukikaribia mbio tunaambiwa punguza uzito. Kikombe kimoja cha uji, kilomita 30, saa saba ugali kidogo na mboga, jioni chai. Kabla ya mbio moja nilishuka kilo nne kwa wiki tano. Siku zangu za mwezi zilikata miezi saba, kila mtu akasema ndiyo dalili ya kuiva. Koo halikupona mwaka mzima. Nikimaliza kidonda cha mdomo kinakuja kikohozi, kikohozi kikiisha linakuja jicho jekundu.

Waaustralia waliwachunguza wanamichezo wao kabla ya Rio 2016 wakaona wanawake ambao chakula hakilingani na kazi ndio waliokuwa wanaumwaumwa zaidi. Mwili ukikosa chakula cha kutosha unazima taa za vyumba visivyo vya lazima. Uzazi unazimwa, kinga inapunguzwa mwanga.

Na usingizi. Kuna jaribio la Marekani la mwaka 2015, watu 164 waliwekewa rinovirusi puani makusudi kisha wakafungiwa hotelini. Waliokuwa wanalala chini ya saa sita walishikwa na mafua mara nne zaidi ya waliolala zaidi ya saa saba. Kaka, umesema dogo analala saa tatu usiku. Anaamka saa ngapi? Na akishalala, simu iko wapi?

#21 ChaliiWaSakina
Dada umenipiga pabaya. Anaamka saa kumi na nusu. Simu... jana saa sita kasoro usiku alikuwa ameangalia hadithi yangu ya mtandaoni ya kitimoto.

#22 MangiMstaafu
Kuku wa saa tatu huyo.

#23 DukaLaDawaStendi
Mimi nauza dawa, na wanamichezo ni wateja wangu. Naomba niseme mambo matatu nikafunge duka.

Anaingia kijana, "nipe azuma, nina mafua." Azuma ni antibayotiki, ya bakteria. Kirusi cha mafua hakiijui. Ukipona siku ya tano ungepona siku ya tano. Mbaya zaidi wengine wanaomba sipro, antibayotiki nyingine, kwa sababu ilimponya jirani. Dawa za kundi la sipro zina tahadhari ya kulegeza kano hasa ile ya kisigino, hata kukatika. Mkimbiaji akae nayo mbali kama hakuna sababu ya lazima.

Pili, zile dawa za kukausha makamasi. Nyingi zina sudoefedrini, na siku ya mashindano kuna kikomo chake kwenye mkojo, maikrogramu 150 kwa mililita. Muulizeni Andreea Răducan, msichana wa Romania wa mazoezi ya viungo. Sydney 2000 alishinda dhahabu, akanyang'anywa kwa kidonge cha mafua alichopewa na daktari wa timu yake mwenyewe. Ugonjwa wake ulikuwa mafua tu. Soma boksi, piga picha boksi, muulize mtu anayejua.

Tatu, diklofenaki, dawa ya maumivu, kabla ya mbio ili usisikie homa. Nawauzia kwa roho nzito.

#24 LaigwananMdogo
Mbona hakuna aliyetaja supu ya kiloriti? Gome la mti huo linachemshwa na mifupa, unakunywa chungu yenyewe bila sukari. Mimi na morani wenzangu hatujui mafua.

#25 VumbiLaKisongo
Mnatembea kilomita 40 nyikani mbali na watu, kirusi kikufuate kwa miguu gani?

#26 LaigwananMdogo
Basi mhamishieni dogo bomani.

#27 TabibuWaKata
Kwenye vitamini C hapo ndipo pana kitu. Kwa mtu wa kawaida kuimeza kila siku hakuzuii mafua. Lakini kwa wenye kazi nzito kupita kiasi, majaribio matano ya wakimbiaji wa marathoni, wanaoteleza kwenye theluji na askari wa mazoezi ya baridi kali, ukiyaweka pamoja hatari ilishuka karibu nusu. Moja lilikuwa la Afrika Kusini, zile mbio za kilomita 90. Waliomeza miligramu 600 kwa siku, walioumwa baadaye ni asilimia 33. Waliopewa vidonge bandia ni asilimia 68. MpimaMaji najua unakuja kusema nao waliulizwa tu.

#28 MpimaMaji
Waliulizwa tu.

#29 MzeeWaDoria
Salaam. Nimekimbia jeshini miaka ya themanini, sasa nafuga. Vijana mnataniana vizuri, lakini mimi nina moja la uzito.

Tulikuwa na mwenzetu, kamanda mzuri wa mbio za nyika. Aliamka na homa, viungo vinamuuma, siku mbili kabla ya mashindano ya kanda. Akaficha. Aliogopa nafasi yake apewe mwingine. Alikimbia. Kilomita ya saba alipunguza, akashika kifua, akakaa chini pembeni ya mfereji kama mtu anayefunga kamba ya kiatu. Nilimpita. Nilidhani anafunga kamba. Hakufa, ila hakukimbia tena. Waliotupima walisema misuli ya moyo imevimba.

Baadaye nikajua kwamba Sweden, kati ya 1979 na 1992, vijana 16 wa ule mchezo wa kukimbia porini kwa ramani na dira walikufa ghafla, na kadhaa walikutwa moyo umevimba. Walisimamisha mazoezi na mashindano kwa muda ili watu wapumzike. Sababu yao wamebishana mpaka leo kama ni virusi au bakteria.

Kuna kanuni ya shingo ambayo makocha wengi wanaijua. Dalili zikiwa juu ya shingo tu, makamasi na koo kidogo, jogi nyepesi dakika kumi, ukiona vibaya rudi. Zikishuka chini ya shingo, kifua, homa, maumivu ya mwili, lala.

#30 BintiPasua
Pole sana mzee wangu.

#31 TabibuWaKata
Mzee, shikamoo na asante. Niongeze tu kwamba hiyo kanuni ya shingo ni ya kukadiria tu, haikuandikwa kwenye jiwe. Korona ilituonyesha mtu anaweza kuanza na koo tu na kesho yake yuko kifuani. Mapigo ya asubuhi yanasaidia. Kama dogo wa 44 ameamka na 56 bila sababu, hata kama pua ni kavu, siku hiyo si ya spidi.

#32 DogoWaNgarenaro
Mbona yule Mmarekani Noah Lyles alikimbia Paris 2024 na korona yake? Alipimwa Jumanne akakutwa nayo, Alhamisi kakimbia fainali ya mita 200, shaba.

#33 KochaMchovu
Na akatoka uwanjani kwenye kiti cha magurudumu. Tebogo wa Botswana kachukua dhahabu kwa 19.46, Lyles 19.70. Mita 200 ni sekunde 20 dogo. Anayekwenda Moshi anapanda mpaka njia ya Mweka kwenye jua la mwisho wa Februari, saa nzima na zaidi. Usilinganishe kuazima kiberiti na kuazima gesi.

#34 AbiriaWaKIA
Kuna kitu hamjakitaja, safari. Wafini, watu wa Finland, walikwenda Olimpiki ya baridi ya 2018 Korea Kusini wakiwa na maabara kabisa. Wanamichezo 44, walioumwa mafua ni 20. Hao ni watu wenye madaktari, vyumba safi, chakula cha uhakika, hakuna jagi moja wala vumbi la Kisongo. Kwa hiyo kocha, vikombe vya rangi visingewaokoa. Weka watu wa nchi tisini kijiji kimoja, wamekaa saa kumi kwenye ndege, hawajalala, kirusi kinachagua tu pa kuanzia.

#35 KochaMchovu
44 kwa 20 na vikombe vyao. Bila vikombe wangekuwa 44 kwa 44.

#36 ChaliiWaSakina
Wakuu nimesoma yote. Nimeamua kumtoa Ngaramtoni, anakwenda kwa shangazi Moshi, Majengo, siku kumi kabla ya mbio. Nitarudi na mrejesho.

#37 MangiMstaafu
Kuna mtu ana chumba cha bei nafuu Moshi wikiendi ya mbio? Mwaka jana nililala kwenye gari.

#38 BibiWaRau
Njoo Rau, lete sukari kilo mbili.

#39 ChaliiWaSakina
Mrejesho kama nilivyoahidi.

Dogo kakimbia mzima, wa tisa, kavunja muda wake kwa sekunde 40. Hakuna mafua. Kwa shangazi alilala chumba chake peke yake, shangazi akamnyang'anya simu saa mbili usiku, mtori asubuhi, nyama jioni, machungwa matatu kwa siku, kikombe chake mwenyewe, fulana kavu kila akitoka. Alijifukiza mara mbili kwa majani ya mchaichai. Na kocha wake alimpunguzia kilomita kwa nusu. Ngaramtoni wenzake watatu kati ya wanne waliumwa wiki hiyohiyo.

#40 TabibuWaKata
Umepunguza mazoezi, kinga imerudi. Herufi J.

#41 KochaMchovu
Kikombe chake mwenyewe. Mmesoma hapo?

#42 BintiPasua
Nyama na simu.

#43 BibiWaRau
Fulana kavu.

#44 MpimaMaji
Mkuu umebadilisha vitu tisa kwa mpigo! Sasa tutajua kipi? Ungeacha hata kimoja kama kilivyokuwa. Na kwa shangazi hakuna watoto?

#45 ChaliiWaSakina
Wapo wawili, wa miaka mitatu na mitano. Makamasi muda wote, na mdogo alikuwa analalia mgongo wa dogo akiangalia katuni.

#46 KochaMchovu
Hilo sijui niliweke wapi.

#47 ChaliiWaSakina
Ngojeni, halijaisha. Leo asubuhi kanitumia ujumbe wa sauti kutoka Ngaramtoni. Ile sauti ya chura imerudi.

#48 AbiriaWaKIA
Karudi na nini?

#49 ChaliiWaSakina
Basi dogo la mchana, juzi. Anasema alikaa dirishani lakini mama wa mbele alimwomba afunge.

#50 KifodiYaMrombo
NILISEMA.

#51 MpimaMaji
Juzi saa ngapi, na koo lilianza kuwasha saa ngapi? Rinovirusi inataka siku moja mpaka tatu. Usijibu kwa kukisia, muulize.